Rehani Katika Friji

Vikuba vya Mji wa Kale wa Mombasa hufungwa jioni ili vivaliwe usiku huohuo: asumini, vipande vya mkadi na vishada vya rehani vinavyobeba nusu ya harufu yote. Vikiandaliwa mapema kwa harusi ya kesho au keshokutwa, mwenye nyumba huvitia katika friji kwa nia njema kabisa. Siku ya pili majani ya rehani yameingia madoa meusi. Ya tatu yamelegea na kunywea, na kinachonukia ni asumini peke yake. Wakati huohuo, katika rafu ileile, fungu la dania lililonunuliwa soko la Marikiti siku moja na rehani bado liko kijani na litafaa kwa mchuzi wiki nzima. Watu husema friji imegandisha rehani, lakini haikuwa hivyo. Friji ya nyumbani hukaa kwenye digrii 4 au 5 hivi, na maji ya ndani ya jani, yenye sukari na madini, hayagandi mpaka joto lishuke chini ya sifuri. Hakuna barafu iliyoingia mle. Jani limekufa kwa baridi isiyoweza kugandisha hata tone la maji, na jirani yake hakuguswa.

Ninachotetea katika sura hii ni kwamba kilichoharibika kwanza katika jani lile ni utando wa seli, na kwamba utando huo haukuwa na kasoro. Ulikuwa umepimwa kwa mahali penye joto, na kipimo chake kilikuwa sahihi. Tunapoyaita mazao ya pwani malaini na ya bara magumu, tunapotosha mambo. Hakuna utando ulio bora kila mahali. Upo unaofaa hapa na usiofaa kule, na kufaa huko kuna gharama yake. Hoja hii ina wapinzani wake katika maabara, na pingamizi zao nitazileta kwa uzito unaostahili.

Kila seli ya mmea imezungukwa na utando wa mafuta na protini wenye unene wa nanomita 7 hadi 10, yaani takriban sehemu moja kati ya elfu kumi ya unene wa karatasi. Ndani ya seli mna tando nyingine: ule unaozunguka kifuko kikubwa cha maji na taka, ule wa mitokondria zinazochoma sukari, na tando za kloroplasti zinazonasa mwanga wa jua. Molekuli za mafuta zimejipanga safu mbili, mikia ikielekeana, na katikati yake protini huogelea, hugeuka, hukutana na kuachana. Kazi nyingi za uhai zinafanywa na protini hizo, kama kusukuma chumvi nje, kupitisha maji na kuhamisha elektroni. Mafuta yakiwa mazito mno, protini hukwama. Yakiwa mepesi mno, utando huvuja. Mmea hauna budi kukaa katikati ya hali hizo mbili, na mahali pa katikati panabadilika kila joto linapobadilika.

Mwenye kutaka kulielewa hili na aitazame chupa ya mafuta ya nazi. Mombasa hukaa majimaji karibu mwaka mzima, isipokuwa asubuhi chache za kusi yanapoanza kufanya ukungu. Chupa hiyohiyo ikifika Nairobi mwezi wa Julai hugeuka nyeupe na ngumu, kwa kuwa mafuta ya nazi huyeyuka kwenye digrii 24 au 25. Mafuta ya alizeti hayafanyi hivyo hata yakiwekwa ndani ya friji. Tofauti iko katika umbo la mikia. Asidi za mafuta za nazi, karibu asilimia 90, ni zile zinazoitwa zilizoshiba: mikia yake imenyooka, nayo hulaliana kwa karibu na kushikamana mapema. Asidi za alizeti nyingi hazikushiba. Kila mkia una pindo moja au mawili, na penye pindo hapawezi kubanana. Utando wa seli umetengenezwa na mikia ya aina hizohizo mbili, ikichanganywa kwa vipimo mbalimbali, na kanuni ni ileile.

Mimea iliyozoea majira ya baridi hucheza na mchanganyiko huo. Joto linaposhuka, vimeng'enya vyake huongeza mapindo katika mikia, na kwa siku chache utando hurudia ulaini wake. Ngano ya majira ya baridi hufanya hivyo, na mchicha wa Ulaya pia. Dania, karoti na kabichi zinazoshushwa Mombasa kwa lori ni za ukoo huo, mimea ya nchi ambazo baridi huja kila mwaka. Rehani, ndizi na embe zimetoka Asia ya joto, na pwani yetu hazikukutana na jambo jipya la kuzilazimisha zibadilike: hata kusi ikivuma Julai na Agosti, usiku wa Mombasa hushuka mpaka digrii 20 hivi tu. Mmea hauwezi kutumia silaha ambayo vizazi vyake havikuihitaji kamwe.

Ushahidi wa mwanzo wenye nguvu ulitoka mwaka 1970. Lyons wa California na Raison wa Australia walitoa mitokondria katika nyanya, matango na viazi vitamu, mimea inayoumia kwa baridi, na katika koliflawa, viazi mbatata na bitiruti, isiyoumia. Wakapima kasi ya upumuaji huku wakipunguza joto hatua kwa hatua. Kwa kundi la pili kasi ilishuka pole kwa pole, bila mshtuko, mpaka karibu na sifuri. Kwa kundi la kwanza mstari uliteremka vizuri mpaka digrii 10 au 12, kisha ukavunjika na kuporomoka. Kiwango cha karibu na hicho ndicho wafanyabiashara wa ndizi walichokuwa wamekifikia kwa hasara kabla ya maabara: meli za ndizi husafiri na joto la digrii 13 au 14, na hazithubutu kwenda chini zaidi. Lyons na Raison walisema mafuta ya utando katika kundi lile hubadilika hali penye mvunjiko huo, kutoka ulaini kwenda ugumu, na kwamba matatizo mengine yote hufuata baadaye.

Yanayofuata yanaonekana kwa macho. Utando wa mitokondria ukikakamaa, nguvu ya kuendesha pampu hupungua. Pampu zikilegea, potasiamu huvuja nje na kalsiamu huingia ovyo. Kifuko kikubwa cha seli, kinachotunza kemikali za aina ya fenoli mbali na kimeng'enya kinachozigeuza nyeusi, hushindwa kuzizuia; vitu viwili vilivyotenganishwa na nanomita chache za mafuta hukutana, na doa jeusi huzaliwa. Anayetaka kupima anaweza kukata vipande vya mviringo vya jani, kuviosha, kuviloweka katika maji safi yaliyochujwa, na kupima jinsi maji hayo yanavyopitisha umeme saa baada ya saa. Jani zima huyaacha maji karibu kama yalivyokuwa. La rehani lililolala katika friji humwaga madini yake, na sindano ya kipimo hupanda kabla doa lolote halijaonekana. Huo mfuatano, mvujo kwanza na weusi baadaye, ni mojawapo ya sababu zinazonifanya niamini kuwa chanzo ni utando.

Mtu atasema ndizi huwa nyeusi hata mezani, kwa hiyo weusi hauthibitishi lolote. Ni kweli, ndizi iliyoiva huwa nyeusi popote, na ndizi mbivu iliyotiwa friji hugeuka nyeusi ganda tu huku ndani ikiwa nzuri kuliwa. Kipimo cha kweli ni ndizi mbichi. Chukua kisukari kilichokomaa kikiwa bado kijani, kiweke kwenye digrii 5 kwa siku kadhaa, kisha kirudishe kwenye joto la nyumba. Ganda litakuwa la kijivu chafu na ndizi haitaiva sawasawa tena. Wanga hautageuka sukari inavyopasa, na harufu haitakuja. Kuiva ni kazi inayohitaji seli hai zenye mipaka inayoshika. Mipaka ikishavunjwa, kurudisha joto hakuiponyi.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa wanasayansi wenyewe. Walipopima mafuta ya tando kwa usahihi, waligundua kuwa sehemu inayokakamaa kwenye digrii 10 ni ndogo sana, asilimia chache tu za mafuta yote. Je, kidogo hicho kinaweza kuua jani zima? Norio Murata wa Japani alijibu kwamba kinaweza, kama kiko mahali nyeti, na akaelekeza kidole kwenye fosfatidiligliseroli, mafuta ya tando za kloroplasti. Mwaka 1992 yeye na wenzake walihamishia katika tumbaku jeni la boga, mmea unaoogopa baridi, na katika tumbaku nyingine jeni la aina hiyohiyo kutoka Arabidopsis, kimmea cha jamii ya haradali kinachovumilia baridi. Tumbaku yenye jeni la boga ilizidi kuumia kwa baridi. Ile yenye jeni la Arabidopsis ikastahimili zaidi. Jeni moja lenye kuchagua mikia ya mafuta lilitosha kuusogeza mpaka.

Kisha mwaka 1995 Wu na Browse, wa Washington State University, wakaleta mmea uliovuruga hesabu. Ulikuwa Arabidopsis yenye hitilafu ya jeni, na fosfatidiligliseroli yake ilikuwa ngumu kupita ile ya mimea mingi inayoumia. Kwa nadharia ilipaswa kufa upesi. Haikufa. Kwenye digrii 2 iliendelea vizuri kwa siku nyingi, sawa na ndugu zake wazima. Mtu angeweza kuifunga hoja ya utando hapo, na wapo waliofunga. Lakini mmea huo ulipoachwa katika baridi kwa wiki kadhaa, usanisinuru wake ulianguka, kloroplasti zikaharibika, na ukadhoofu huku wa kawaida ukiendelea kukua. Nasoma matokeo hayo hivi: ugumu wa mafuta hayo peke yake hauui haraka, kwa kuwa mmea wa nchi za baridi una ulinzi mwingine unaoubebea mzigo, lakini ukiwa hauna mafuta laini hauwezi kuishi baridini. Rehani imekosa vyote viwili. Kwa hiyo simwambii msomaji kwamba utando ni sababu pekee. Namwambia ni mahali ambapo baridi inagusa kwanza, na ambapo maangamizi yanaanzia.

Kuna ushahidi mwingine ninaouona mzuri kuliko wote, kwa sababu unatenganisha baridi na ugumu. Mwaka 2000 kikundi cha Rajinder Dhindsa katika chuo kikuu cha McGill, Kanada, kilitumia seli za alfalfa. Walizipa seli dawa inayokakamaza utando huku zikiwa kwenye digrii 25 za starehe, na jeni ambalo kwa kawaida huamshwa na baridi likaamka. Kisha wakazipa nyingine dawa inayoulainisha utando na kuzishusha mpaka digrii 4, na jeni lile likabaki limelala. Seli hazikuwa zikisoma baridi yenyewe. Zilisoma ugumu wa utando wao, na kalsiamu iliyoingia ilipeleka habari ndani. Miaka 9 kabla ya hapo, huko Edinburgh, Marc Knight na wenzake walikuwa wameonyesha katika tumbaku, kwa kutumia protini ya kiwavi cha baharini inayotoa mwanga ikikutana na kalsiamu, kwamba mmea ukimwagiwa baridi ghafla hung'aa mara moja. Utando basi una kazi mbili: ni mpaka, na ni mlinzi anayepiga mbiu. Katika mmea wa pwani mbiu hupigwa, ila nyuma yake hakuna jeshi la kutosha.

Swali linalofuata ni la haki: kama mafuta laini ni kinga, mbona mimea yote haiyatumii siku zote? Jibu lake liko katika joto. Mwaka 2000 watafiti wa Kyushu, Japani, walitengeneza tumbaku iliyopunguziwa asidi za mafuta zenye mapindo matatu katika kloroplasti. Mmea huo ulistahimili joto kali kuliko wa kawaida. Kinachouokoa mmea kwenye baridi huuangamiza kwenye jua kali, kwa sababu utando laini kwenye digrii 5 huwa umelegea mno kwenye digrii 40, na jani lililo juani linaweza kupata joto kuliko hewa iliyo karibu nalo. Utando wa rehani na wa ndizi umetengenezwa kwa ajili ya mchana wa kaskazi, Februari na Machi, wakati kuta za matumbawe za Mji wa Kale zinatoa joto hata baada ya magharibi. Ukiufanya ufae friji, utaupunguzia kufaa kwake hapo.

Mahali pa kuona uwezo wa tando hizo ni kandokando ya kisiwa cha Mombasa, katika hori ya Tudor, mikoko inapokunywa maji ya bahari. Mwaka 1965 Per Scholander, mtafiti mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi California, alionyesha kuwa maji ndani ya mti wa mkoko yamevutwa kwa nguvu ya mara 30 hadi 60 ya mgandamizo wa hewa, ilhali kuyatenganisha maji ya bahari na chumvi yake kunahitaji takriban mara 25. Mkoko unavuta maji kupita katika tando za mizizi, na tando huiacha chumvi nje, karibu asilimia 99. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, huruhusu zaidi kidogo kuingia, kisha huisukuma nje kwa tezi zilizo katika majani. Geuza jani la mchu siku isiyo na mvua na utaona punje ndogo zinazometa. Ziguse kwa ulimi na ni chumvi halisi. Tezi hiyo ni utando uliojaa pampu, na inafanya kazi mchana wote, pale ambapo rehani ingekauka kwa siku moja.

Scholander alifanya jambo lingine linaloonekana kunipinga. Mwaka 1968 aliripoti kwamba mizizi ya mikoko, hata ikipozwa sana na kutiliwa sumu zinazozuia upumuaji, iliendelea kuchuja chumvi. Ikiwa baridi inaharibu utando, mbona huu haukuharibika? Naona kazi mbili zimechanganywa hapo. Kuchuja ni kazi ya mafuta yenyewe kama ukuta, na ukuta uliokakamaa bado ni ukuta kwa muda. Kusukuma ni kazi ya protini zinazotumia nguvu, nazo ndizo zinazosimama mapema. Jaribio la saa chache linaupima ukuta. Jani la rehani linaumia kwa siku, pampu zikishalala na ukuta ukaanza kufanya nyufa. Scholander alionyesha jinsi utando ulivyo imara, wala hakuonyesha kwamba unaweza kuishi bila kuhudumiwa.

Mchu unatupa pia ushahidi wa jiografia. Spishi ileile, Avicennia marina, inaota Mombasa kwenye nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na inaota Corner Inlet, Victoria, Australia, kwenye nyuzi 38, ambako asubuhi za majira ya baridi zina umande wa barafu. Jina ni moja, maisha ni mbali kabisa. Kuna wanaosema kwamba kule mpaka wake hauwekwi na utando ila na mbao: maji yakiganda katika mirija ya mti, mapovu ya hewa hubaki barafu ikiyeyuka na kukata njia ya maji, ndiyo maana michu ya kusini ina mirija myembamba. Nakubali hoja hiyo pale penye barafu. Lakini kati ya digrii 15 na sifuri hakuna povu, na hapo ndipo rehani na ndizi hufia. Baridi mbili hizi zisichanganywe. Na utando wenye uwezo wa kuzuia chumvi una mlango ulio wazi kwa kitu kingine: umetengenezwa kwa mafuta, kwa hiyo mafuta huyeyuka ndani yake. Mafuta ya petroli yaliyomwagika katika hori ya Makupa, Mombasa, mwaka 1988 yaliua mikoko. Mafuta ya aina hiyo huziba vitundu ambavyo mizizi hupumulia, na sehemu zake nyepesi hupenya zile tando zilizokuwa zimeizuia bahari.

Yote haya yana maana kwa namna tunavyohifadhi chakula. Siku hizi inasemwa kila mahali kwamba mazao yetu huoza kwa kukosa baridi, na kwamba vyumba baridi vitatuokoa. Kwa maparachichi yanayotoka bandari ya Kilindini katika makontena yenye digrii 5 hadi 7 ni kweli. Kwa dania na karoti, hata karibu na sifuri, ni kweli zaidi. Lakini chumba kimoja cha digrii 4 kilichojengwa sokoni kwa ajili ya kila kitu kitaharibu ndizi, maembe mabichi, viazi vitamu, matango, biringani na rehani, na uharibifu utaonekana baada ya bidhaa kutoka, mikononi mwa mnunuzi, wakati mwenye chumba ameshalipwa. Ndizi zinataka 13 au 14, embe lililokomaa likiwa bado kijani 12 au 13, rehani 12 hivi. Atakayesema kuwa vyumba viwili ni gharama mno kwa soko dogo ana haki ya kuuliza, ila ahesabu pia gharama ya kulipa umeme ili kuua alichotaka kukiokoa. Kivuli, kitambaa kilicholowa na upepo vinashusha joto kwa digrii kadhaa bila kuufikia mpaka ule wa Lyons na Raison, na kwa vikuba vya harusi inatosha. Embe nalo limeonyesha kwamba utando unaweza kuandaliwa: maembe yaliyokaa siku moja au mbili katika digrii 38 kabla ya kutiwa kwenye digrii 5 yaliumia kidogo kuliko yaliyotiwa moja kwa moja, kwa kuwa joto huamsha protini za ulinzi ambazo baridi ilizikuta tayari kazini. Jaribio hilo lilifanywa kwa aina ya Keitt. Linastahili kufanywa kwa aina za ngowe na boribo, hapahapa pwani, kabla ya kandarasi ya chumba baridi kinachofuata kutiwa saini.